Cherehani Kilipokula Neno

Msibani mtu huulizwa amefikaje, amekula nini, atalala wapi. Bibi Anjelina hakuniuliza hata moja kati ya hayo. Nilikuwa nimetoka Mbeya alfajiri kuja kumzika shoga yangu Dafroza, kijijini juu ya Ilula, na hata viatu sijavivua vizuri. Nikapiga magoti kumpa shikamoo mama mkwe wake. Badala ya kunijibu marahaba, bibi akanishika mkono kwa vidole vyake vikavu, akanivuta karibu mbele ya wanawake wote waliokaa mikekani, akasema, "Sekela, afadhali umekuja. Wewe ulikuwepo. Alisema kliniki, au hakusema?" Mimi sipendi kubanwa, na kubanwa mbele za watu ndiyo kabisa. Nikajifanya sijasikia. Nikasema pole, bibi, Mungu akutie nguvu, nikatoka kwenda jikoni nje nikajitafutia ungo wa mchele wa kuchambua. Swali nililijua. Miaka zaidi ya ishirini imepita, bibi mwenyewe sasa haoni vizuri wala hasikii vizuri, na swali bado liko palepale. Ubaya ni kwamba jibu sina.

Pale jikoni akapita Neema, binti wa marehemu, amebeba sufuria la maji ya moto na mtoto mgongoni. Nilimwacha akiwa hajui kusema, nikamwona mara mbili tatu tu baadaye, na sasa ni mama wa mtu. Jicho lake la kulia ni la Dafroza mtupu, jeusi na lenye utani. La kushoto lina doa jeupe katikati, na halioni. Akanikalisha vizuri, akaniletea chai ya mchaichai na kiazi cha kuchemsha, akasema, "Mama mdogo, bibi ameshakuuliza?" Nikamwambia ameshaniuliza. "Ukampa jibu?" Nikasema mchele huu una mawe mengi jamani, mmeununua wapi. Akacheka kidogo, akaendelea na sufuria lake.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mambo ya kwetu, na kilichonitoa Mbeya kunipeleka Iringa, tuyaache, kila nyumba ina ya kwake. Nilikwenda kujifunza kushona kwa Bi Mwanaidi, pale Mlandege. Alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa bara tuone haya kufungua midomo. Ukisema "hii kitambaa," anasimamisha mkasi hewani mpaka useme "kitambaa hiki." Barazani aliweka vyerehani vitatu, na kimoja kilikuwa kibovu cha kupiga kelele, ukikikanyaga nyumba nzima haisikilizani. Hicho ndicho tulichopewa wanafunzi. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa Dafroza, msichana wa rika langu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akikimbiza mabasi Ilula na beseni la nyanya kichwani. Mume wake alikuwa Mafinga kwenye mbao, na siku akija chumba kizima kilinuka paini. Chumba kilikuwa kimoja, tumekigawa kwa khanga, lakini baridi ya Iringa ya mwezi wa saba haina adabu. Wiki haikuisha khanga ikashushwa, tukawa tunalala kitanda kimoja, mimi ukutani, Dafroza mlangoni, na mtoto wao Neema katikati anatupiga mateke wote wawili. Tulikula ugali na maharage, na Ijumaa tulipata pilau ya Bi Mwanaidi iliyobaki, Dafroza akinichagulia vipande vya viazi kwa sababu alijua navipenda. Nikikumbuka mwaka ule, mara nyingi nakumbuka viazi vile.

Chumba cha mbele alipanga Sista Kalista. Hakuwa mtawa, alikuwa nesi, ila manesi wote tuliwaita sista. Kazi yake ilikuwa kutoka na gari la zahanati kwenda kuchanja watoto kwenye vijiji vya mbali, kule ambako akina mama hawakuweza kuteremka na watoto kila mwezi. Mwaka ule walikuwa wameambiwa waongeze vijiji, wafike hata pale ambapo gari linaachwa chini na watu wanapanda kwa miguu. Siku moja alinisikia namwita muuza vitunguu aliyekuwa upande wa pili wa barabara, akaja barazani akaniangalia toka juu mpaka chini. "Sauti yote hiyo inaharibika bure," akasema. "Njoo nikupe spika." Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtangazaji wa chanjo, siku ambazo Bi Mwanaidi hana kazi nyingi, na malipo yangu yalikuwa chakula cha mchana na kupanda gari mbele. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Neema alikuwa ameshaachishwa ziwa, anatembea anaanguka, anavuta nyuzi na kutia vifungo mdomoni. Dafroza hakuweza kumlea na kushona pamoja, kwa hiyo Bibi Anjelina akaja Mlandege kumchukua, kama walivyo bibi wote. Alikuja na gunia dogo la viazi, akakaa kwenye kigoda barazani, mgongo umenyooka, hapokei chai mpaka abembelezwe. Kuna jambo ambalo Dafroza alikuwa akilisema kila siku kitandani, kwamba Neema alishapata zile chanjo za mwanzo lakini ile ya surua bado. Siku alipompeleka dawa ilikuwa imeisha, akaambiwa arudi, hakurudi. Kwa hiyo asubuhi ile, huku anamalizia sketi ya shule ya mtu, akasema bila kuinua macho, "Mama, huyu bado kuchanjwa. Usisahau kumpeleka…" Na mguu wake ukakanyaga, kile cherehani kibovu kikaanza kelele zake. Mdomo wake nikauona unatembea. Nilikuwa nimekaa kati yao nafumua pindo, karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Bibi akaitikia kwa kichwa, "Haya, mwanangu, nimesikia." Wakaagana. Dafroza alilia kidogo kwenye choo cha uani akidhani hatumsikii.

Kama wewe ni mtu wa mjini sana, labda inabidi nikuelezee. Kuchanja ni neno moja na lina kazi nyingi. Kuni zinachanjwa. Mtoto anachanjwa na nesi kwa sindano. Na mtoto anachanjwa na mganga, anakatwa chale kwa wembe kifuani na mgongoni, anapakwa dawa nyeusi, ili mabaya yasimwingie. Ukimwambia bibi wa miaka ile kwamba mtoto bado kuchanjwa, umpeleke, hujamwambia umpeleke wapi. Na bibi yule alikuwa anampenda mjukuu wake kupita kiasi. Akamtafuta mganga anayeaminiwa kuliko wote upande ule, akapanda mlima na mtoto mgongoni, na kwa sababu mganga mzuri hafanyi kazi bure, akamtoa kuku wake mtetea, yule wa mayai, ambaye hakumchinja hata Krismasi.

Hayo sisi hatukuyajua. Baada ya wiki kadhaa gari la zahanati lilipanda kijijini kwake, mimi mbele na spika, Sista Kalista nyuma na lile deli la barafu lenye chanjo. Watoto walitukimbilia wakidhani tumeleta askirimu, wengine walilia kwa hasira walipojua ukweli. Tukapita nyumba kwa nyumba. Kwa Bibi Anjelina tulikaribishwa kama wakwe, tukapewa kande na maziwa ya mgando. Neema alikuwa amenenepa, mashavu mpaka macho yanapotea, amevalishwa sweta mbili. Sista akauliza, "Bibi, huyu amechanjwa?" Bibi akajibu kwa fahari, "Ameshachanjwa." Sista akauliza kadi iko wapi. "Kadi anayo mama yake mjini." Na kweli, kadi ilikuwa chini ya godoro letu Mlandege. Sista akamshukuru, akamsifu mbele ya majirani kwamba huyu ndiye bibi wa mfano. Bibi akatabasamu mpaka tukaona pengo. Nilipomwambia Dafroza jioni, alinikumbatia huku ana sindano mdomoni, akasema, "Mama yule, watu wanamsema bure." Nimeirudia picha hiyo kichwani mara nyingi, naitafuta sehemu ambayo mtu alidanganya. Haipo.

Kisha mvua zikaja, na pamoja na mvua habari za surua, kwamba iko kijiji kile, imeingia kijiji hiki. Sista Kalista akaongezewa siku za kutoka, na safari hii ilikuwa mkutano, watu wote waje kwenye uwanja wa kanisa. Nikasimama juu ya jiwe na spika langu, nikatangaza kama nilivyoandikiwa: leteni watoto wote wachanjwe, hata waliochanjwa zamani waleteni, wachanjwe tena. Wakaja wengi hata tukafurahi. Akina mama walikuja, mabibi walikuja, wamepanga mstari mzuri. Sista akafungua deli, akamwita wa kwanza. Bibi wa kwanza akakaa, akamvua mtoto shati, akafungua pindo la khanga, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akamkabidhi Sista kwa mikono miwili. Sista akauliza, "Huu wa nini?" Bibi akasema, "Wa kwake. Si mlitufundisha wenyewe? Kila mtu na wembe wake, tusichangie." Kweli, ndivyo walivyokuwa wamefundishwa kwa ajili ya ukimwi, na walikuwa wamesikia vizuri. Nikatazama mstari. Kila bibi kashika wembe wake mpya. Nikaanza kucheka. Nilicheka hata nikakaa chini kwenye lile jiwe, na spika nilikuwa sijalizima, kijiji kizima kinanisikia, na mabibi nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Sista hakucheka. Alikuwa ameushika ule wembe, anautazama. Akaniambia polepole, "Sekela. Yule bibi yake Neema." Nikasema, "Kafanya nini?" Halafu nikaelewa, nikazima spika. Bibi Anjelina hakuwepo mstarini. Tuliwaacha watu pale uwanjani, tukakimbia kwa kukata shamba la maharage la mtu. Tulimkuta ndani, amefunga dirisha, amempakata Neema karibu na moto. Mtoto alikuwa anawaka, macho yamevimba mekundu hawezi kuyafungua, vipele vimeanza nyuma ya masikio vimeshuka usoni mpaka kifuani. Sista akafungua zile sweta mbili. Hapo kifuani, katikati ya vipele, chale zilikuwa zimepangwa vizuri, safi, zimepona, kazi ya mtu anayejua kazi yake. Bibi akatutazama kwa matumaini makubwa. "Mmekuja," akasema. "Sijui imepitaje, sista. Huyu amechanjwa vizuri sana." Mimi nilitaka kumpiga yule bibi, na nilitaka kumkumbatia, yote kwa wakati mmoja, na nikaishia kubeba chupa ya chai kama mjinga.

Tulimshusha mtoto hospitali kwa gari lile lile. Wodi ilikuwa imejaa, wawili wawili kitanda kimoja, inanuka uji na dawa ya kusafishia sakafu. Dafroza alifika na utepe wa kupimia nguo bado shingoni. Kwa siku nyingi hatukujua kama Neema atabaki. Homa ikishuka kifua kinabana, kifua kikiachia macho yanatoa usaha. Bibi alilala sakafuni chini ya kitanda, hakukubali kurudi. Ni siku Neema alipokunywa uji kwa mara ya kwanza, tukajua anapona, na daktari akasema jicho la kushoto limeharibika, ndipo Dafroza aliposema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anakunja shuka. "Mama, nilikwambia umpeleke kliniki." Bibi akasema, "Hukusema kliniki." "Nilisema, mama." "Mwanangu, ulisema bado kuchanjwa, usisahau kumpeleka. Nimempeleka. Mtetea wangu ndiye aliyekwenda. Ungesema kliniki ningekwenda kliniki, kwani kliniki wanataka kuku?" Wakageuka wote wawili wakanitazama mimi. Nikasema cherehani kilikuwa kinapiga kelele. Ndiyo kweli. Na mpaka leo wapo watu wa kijiji kile wanaodhani nilikuwa nakwepa.

Tuliporudi Mlandege nilimuuliza Bi Mwanaidi, maana kwa Kiswahili yeye ndiye alikuwa hakimu wetu. Nikamweleza yote. Akaweka mkasi chini, jambo ambalo si la kawaida. "Kuchanja ni kutoboa ngozi utie dawa," akasema. "Bibi kasema sawa. Sista kasema sawa. Na Dafroza naye, kama kasema kliniki, kasema sawa." Nikauliza, sasa nani kakosea, Bi Mwanaidi. Nilitaka sana mtu mmoja wa kumkasirikia, ningelala vizuri. Akafikiri, akasema wapiganapo tembo ziumiazo nyasi, akarudi kwenye kitambaa chake. Siku chache baadaye akakiuza kile cherehani kibovu bila kutuambia sababu. Sista Kalista naye akanibadilishia tangazo. Toka siku ile nilitakiwa kusema "chanjo ya sindano, si ya wembe," na mabibi wakaja hivyo hivyo, wamepanga mstari vizuri vile vile. Hawakuwa wamekataa kitu. Mwaka ulipoisha nikarudi Mbeya, nikafungua kibanda changu cha kushona sare za shule. Dafroza alirudi kwa mama mkwe wake, ili awe karibu na mtoto, wakaishi ua mmoja miaka yote hii. Alimpikia, alimwogesha alipougua, alimnunulia blanketi kila baridi. Ila kila niliponyanyua simu kumsalimia, mwishoni kabisa, tukishaagana, aliuliza, "Sekela, si nilisema kliniki?" Na mimi nikasema, "Shoga yangu, cherehani."

Tulipomzika, jioni yake, Neema alinifuata nyuma ya nyumba nilipokuwa naosha miguu. Akakaa juu ya gogo, anamnyonyesha mtoto wake. "Mama mdogo, sikulazimishi," akasema. "Lakini bibi hatalala. Anaogopa atakufa mimi nikidhani alifanya kusudi." Nikamwambia ukweli wote kama ninavyokuambia wewe. Nikamwambia kuna siku namsikia mama yake akisema kliniki, waziwazi, na kuna siku nasikia kelele tu, na kwa kuwa nimelifikiria sana nimeliharibu, kama kitambaa kilichofumuliwa mara nyingi hata matundu hayaonyeshi tena mshono wa kwanza. "Sijui, mwanangu. Hilo ndilo jibu. Na wote wawili niliwapenda." Nililia pale, na nilikuwa sijalia makaburini. Neema akambadilisha mtoto ziwa. "Hata mimi nilishajaribu kumkasirikia mmoja mmoja," akasema. "Kwa mama nilishindwa, kwa bibi nikashindwa." Akafunga blauzi yake. "Kesho ni siku ya surua ya huyu. Chupa ya dawa hufunguliwa siku moja tu kwa mwezi, watoto wakikusanyika. Wanawake wanasema nitatokaje msibani." Nikamuuliza yeye anasemaje. Akasema anakwenda, na bibi amesema anakwenda naye.

Tulikwenda watatu na mtoto. Bibi Anjelina tulimshika kila mmoja mkono mmoja, amevaa kitenge cheusi cha msiba. Zahanati sasa iko karibu, imejengwa pale pale kwenye njia ya uwanja wa kanisa, ina benchi na bati jipya, na akina mama walimpisha bibi akae. Nesi alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa, nywele zimesukwa vizuri kichwani. Akafungua deli lake, akamwambia bibi kwa adabu, "Bibi, leo mjukuu ana chanjo." Bibi akatega sikio. "Chanjo ya sindano?" akauliza. Yule binti akacheka, hakuwa na ubaya, hakuwa anajua kitu. "Bibi yangu, kwani kuna nyingine?"

Nikaona bibi ameinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu, nikausikia umelegea. Neema akafungua mbeleko.

"Ilikuwepo, dada," akamwambia yule nesi. "Mimi bibi yangu alinitolea mtetea wake wa mayai." Akamshusha mtoto mgongoni, hakumkabidhi nesi wala mimi, akamweka kwenye mapaja ya Bibi Anjelina. "Mshike mkono vizuri, bibi. Asije akatikisika."